Namna ya Kumtafutia Mgonjwa wa Saratani ya Damu Mtu wa Kumchangia Uloto

Daktari anapotamka kwamba mgonjwa wa saratani ya damu atahitaji kupandikizwa uloto, ambao wengine huuita uboho, jambo la kwanza linaloulizwa nyumbani huwa ni nani mwenye kundi moja la damu na mgonjwa. Swali hilo hutoka kwa watu wenye nia njema kabisa, lakini halisaidii, na mara nyingine huifanya familia imweke kando mtu aliyefaa kuliko wote. Kundi la damu si kigezo kikuu katika kazi hii. Mtu wa kundi O anaweza kumchangia mgonjwa wa kundi A, na miezi kadhaa baada ya upandikizaji mgonjwa yule akipimwa hukutwa naye amekuwa wa kundi O, kwa kuwa kiwanda cha damu kilichomo mifupani mwake sasa ni cha yule aliyemchangia.

Kinacholinganishwa ni alama ziitwazo HLA. Alama hizi ziko juu ya karibu seli zote za mwili, na ndizo zinazowawezesha askari wa kinga, yaani chembe nyeupe za damu, kumtambua mwenyeji na kumjua mgeni. Vinasaba vyake viko kwenye kromosomu ya 6, ilhali vinasaba vya makundi ya damu ya ABO viko kwenye kromosomu ya 9. Ndiyo maana ndugu wawili wanaweza kuwa na kundi moja la damu na wasifanane kabisa kwa HLA, au wakatofautiana kundi huku HLA zao zikiwa sawasawa. Kila mtu ana seti mbili za alama hizi, moja ameirithi kwa baba na nyingine kwa mama. Maabara nyingi hutazama sehemu tano, ambazo ni A, B, C, DRB1 na DQB1, na kwa kuwa kila sehemu ina nakala mbili, anayefanana na mgonjwa kikamilifu huandikwa 10 kwa 10. Hospitali nyingine hutazama sehemu nne tu na kuandika 8 kwa 8. Ukiona tarakimu hizo kwenye majibu, usidhani kwamba ya pili ni pungufu ya ya kwanza. Uliza kwanza ni sehemu ngapi zilizopimwa.

Ufanano huu unatakiwa uwe wa karibu kuliko hata ule unaotafutwa kwa anayepewa figo. Katika figo, hofu kubwa ni mwili wa mgonjwa kukikataa kiungo. Katika uloto, kinachopandikizwa ni jeshi lenyewe la kinga, kwa hiyo hatari iko pande mbili: mwili unaweza kuukataa uloto mpya, na uloto mpya nao unaweza kuuona mwili mzima kuwa ni mgeni, ukashambulia ngozi, ini na utumbo. Hata hivyo, ni jeshi hilohilo linalowinda seli za saratani zilizojificha baada ya dawa kali, na hapo ndipo ilipo faida ya upandikizaji. Pacha wa kufanana, ambaye watu hudhani ndiye mchangiaji bora kuliko wote, hana hatari ya mashambulizi hayo, lakini kwa sababu hiyohiyo uloto wake hauiwindi saratani kwa ukali, na ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi.

Kabla ya kumtafuta mtu

Si kila saratani ya damu inayohitaji uloto wa mtu mwingine. Lukemia sugu ya mayeloidi, inayoandikwa CML, tangu mwaka 2001 imekuwa ikitibiwa kwa vidonge vya imatinibu na vingine vya jamii yake, na wengi wa wagonjwa wake hawafiki kabisa kwenye upandikizaji. Watoto wengi wenye lukemia kali ya limfu, yaani ALL, hupona kwa tibakemikali peke yake endapo watapata dawa zote kwa ratiba yake bila kukatisha. Upandikizaji hushauriwa hasa kwa wenye lukemia kali ya mayeloidi, AML, ambayo vinasaba vyake vinaashiria hatari, na kwa wale ambao ugonjwa wao umerudi au haukusikia dawa. Kwa hiyo muulize daktari bingwa wa damu mambo matatu na uandike majibu yake: ugonjwa ni wa aina gani hasa, vinasaba vya saratani yenyewe vinauweka katika daraja gani la hatari, na kama upandikizaji utahitajika, utafanyika katika hatua ipi ya matibabu.

Swali la tatu lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa kawaida upandikizaji hufanyika pale tibakemikali inapokuwa imeusukuma ugonjwa nyuma hadi hauonekani tena uloto ukitazamwa kwa hadubini. Kipindi hicho cha utulivu kinaweza kuwa kifupi. Familia ambayo husubiri hadi dawa ziishe ndipo ianze kutafuta mchangiaji huweza kukuta kwamba, siku mtu anapopatikana, ugonjwa umekwisha kurudi. Utafutaji uanze siku ileile neno upandikizaji linapotajwa kwa mara ya kwanza, hata kama bado ni uwezekano tu.

Kuna jambo jingine ambalo ningetamani kila familia ilijue mapema, kwa sababu likikosewa ni vigumu kulirekebisha. Katika hospitali zetu, mgonjwa anapohitaji kuongezewa damu, jamaa huitwa kuja kuchangia, na kaka na dada huwa wa kwanza kunyoosha mikono. Wachangie, lakini damu yao isipewe mgonjwa huyu. Mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama za watu walewale ambao kesho tutauhitaji uloto wao, na uloto huo ukakataliwa. Mwambieni daktari na muuguzi wa wodi, na ombeni iandikwe kwenye faili, kwamba mgonjwa anatazamiwa kupandikizwa uloto na kwamba asipewe damu ya wazazi, ndugu wala watoto wake. Damu ya jamaa iende benki ya damu ikawasaidie wengine, naye apewe ya watu baki. Pale inapowezekana, ombeni pia damu iliyochujwa chembe nyeupe na iliyopigwa mionzi.

Kuhesabu ndugu

Lugha yetu ni pana katika mambo ya undugu. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu, mtoto wa mama mkubwa ni dada au kaka, na mtu aliyelelewa nyumba moja na mgonjwa tangu utotoni haitwi kwa jina lingine. Upana huo ni heshima ya jamii zetu na hakuna sababu ya kuuacha. Lakini mbele ya daktari wa upandikizaji, hasa wa nchi ya nje ambaye akisikia neno kaka ataandika mtoto wa baba mmoja na mama mmoja, upana huo unaweza kupoteza wiki nzima na fedha nyingi za vipimo. Keti na mzazi au shangazi anayeijua familia vizuri, chukua karatasi, na umwandike kila mmoja kwa jina, umri, baba yake, mama yake, mahali anapoishi, namba ya simu na maradhi anayojulikana kuwa nayo. Waandike hata walio mbali, awe Muscat, Mombasa au Toronto, na hata wale ambao familia haizungumzi nao.

Ukishaandika, wagawe. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ndio wanaotangulia, kwa kuwa kila mmoja wao ana nafasi ya asilimia 25 ya kufanana na mgonjwa kikamilifu, asilimia 50 ya kufanana naye nusu, na asilimia 25 ya kutofanana naye kabisa. Mgonjwa mwenye ndugu wawili wa namna hiyo ana nafasi ya takriban asilimia 44 ya kumpata angalau mmoja anayefanana kikamilifu. Wakiwa watatu ni asilimia 58, wanne 68, na watano 76. Katika hili familia zetu kubwa ni neema halisi, na ndiyo sababu ninasisitiza wapimwe wote bila kumruka yeyote kwa kudhani kwamba hafanani kwa sura. Sura haina uhusiano wowote na alama hizi.

Wazazi na watoto wa mgonjwa wako kundi la pili, kwa kuwa kila mmoja wao amechangiana naye seti moja kamili, yaani hufanana naye nusu bila shaka. Ndugu wa mzazi mmoja, pamoja na wajomba, shangazi, baba wadogo na wakubwa, mama wadogo na wakubwa, wana nafasi moja kati ya mbili ya kufanana nusu. Watoto wa mjomba na wa shangazi wana nafasi ndogo zaidi. Isipokuwa pale wazazi wa mgonjwa walipokuwa wenyewe ni jamaa, jambo lililo la kawaida katika familia nyingi za Oman, za Kisomali na baadhi ya familia za pwani: hapo baba na mama wanaweza kuwa walirithi seti moja kutoka kwa babu mmoja, na mzazi au hata binamu akaonekana kufanana kikamilifu. Mwambieni daktari wazi kwamba wazazi ni watoto wa ndugu, kwa sababu habari hiyo inaweza kumfanya apanue upimaji hadi kwenye ukoo mzima.

Hapa pana suala linalohitaji busara. Kipimo cha HLA hufuata urithi wa damu, na kinaweza kufichua kwamba mtoto si wa baba anayemwita baba. Mgonjwa aliyelala kitandani hahitaji mtikisiko wa namna hiyo, wala mama yake hahitaji. Nashauri mtu mmoja mwenye hekima katika familia aongee na daktari kabla ya sampuli kuchukuliwa, wakubaliane kwamba kila aliyepimwa atapewa majibu yake peke yake, na kwamba familia itaelezwa tu ni nani anafaa na nani hafai. Kanuni hiyohiyo italinda siri nyingine, kwa kuwa anayetaka kuchangia hupimwa pia virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Mtu akirudi akasema kwamba madaktari wameona hafai, asiulizwe zaidi.

Kupima na kusoma majibu

Sampuli ni ya damu au ya ute unaopanguswa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba. Vijiti hivyo vikikauka huweza kutumwa kwa kampuni ya vifurushi, kwa hiyo ndugu aliye ng'ambo hana haja ya kukata tiketi ya ndege kwa ajili ya kipimo cha kwanza. Kwa mgonjwa mwenyewe, uangalifu unahitajika: ikiwa damu yake imejaa seli za saratani, majibu yanaweza kupotosha, kwa kuwa seli hizo wakati mwingine hupoteza kipande cha kromosomu ya 6. Katika hali hiyo hutumiwa ute wa shavu, au husubiriwa hadi ugonjwa utulie.

Uliza kipimo kitakuwa cha kina kiasi gani. Kipimo cha juujuu husema mgonjwa ana A*02, ambayo ni sawa na kutaja mtaa bila namba ya nyumba. Kipimo cha kina husema ni A*02:01 au A*02:05, na watu wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuwa wa nyumba tofauti kabisa. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, kipimo cha juujuu kinaweza kutosha kuwachuja wasiofanana, lakini kwa mgonjwa mwenyewe lipieni cha kina tangu mwanzo, kwa sababu kila hospitali na kila rejista ya wachangiaji itakayofuata itakiomba. Nakala ya majibu hayo iwe na familia, kwenye karatasi na kwenye simu, isibaki hospitalini tu. Na mtu anapochaguliwa, sampuli mpya huchukuliwa tena na kupimwa upya kabla ya upandikizaji. Huko si kupoteza fedha. Ni kinga dhidi ya chupa mbili kubadilishana majina.

Wakipatikana wawili au watatu wanaofanana sawasawa, daktari ndiye atakayechagua, na kwa kawaida humpendelea aliye kijana, mwenye uzito wa kutosha kulingana na wa mgonjwa, na ambaye historia yake ya virusi vya CMV, ambavyo watu wengi huwa navyo mwilini bila kujua, inalingana na ya mgonjwa. Mwanamke aliyebeba mimba kadhaa huweza kuwekwa nyuma ya kaka yake, hasa kama mgonjwa ni mwanamume, kwa kuwa chembe zake za kinga zimewahi kukutana na alama za kigeni za watoto wake. Kundi la damu huingia hapa mwishoni, kama kigezo kidogo.

Anayefanana nusu

Zamani familia iliyokosa ndugu wa kufanana kikamilifu, na ambayo haikuwa na mtu kwenye rejista, ilirudishwa nyumbani. Uloto wa nusu ulikuwa unawashambulia wagonjwa vikali mno. Kilichobadilisha hali hiyo ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, saiklofosfamidi, ambayo madaktari wa Johns Hopkins huko Baltimore walianza kuitoa siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikiza. Siku hizo ndizo ambazo askari wa mchangiaji wenye hasira na mwili wa mgonjwa wanakuwa wameamka na kuanza kuzaliana, na dawa huwaua hao waliokwisha kuamka. Seli shina zenyewe, yaani zile seli mama za uloto zinazozaa chembe zote za damu, husalimika kwa kuwa zina kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Leo upandikizaji wa nusu unafanyika katika hospitali nyingi duniani, zikiwemo za India ambako wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hupelekwa.

Maana yake kwetu ni kubwa. Karibu kila mgonjwa ana mzazi, mtoto au ndugu anayefanana naye nusu, na mtu huyo anaweza kuwa tayari ndani ya wiki chache. Uamuzi wa mwisho ni wa daktari, lakini mimi naamini kwamba kwa mgonjwa wa Kiafrika ambaye ugonjwa wake umetulia leo, si busara kusubiri miezi kadhaa mtu wa mbali ambaye huenda hayupo, wakati mwanawe wa miaka 24 ameketi kwenye benchi la nje ya wodi. Ombeni kumtafuta mtu wa mbali na kumwandaa jamaa anayefanana nusu viende kwa pamoja.

Kipimo kimoja kisisahauliwe: kabla ya kumchagua mtu wa nusu, damu ya mgonjwa ipimwe kama ina kingamwili dhidi ya alama za mtu huyo. Wanawake waliozaa huwa nazo mara nyingi, na huweza kuwa dhidi ya watoto wao wenyewe, kwa sababu walizitengeneza wakati wa mimba. Mama mgonjwa anaweza kufaa kwa uloto wa binti yake wa pili na asifae kwa ule wa kwanza. Wagonjwa walioongezewa damu mara nyingi nao wako katika hali hiyo, na hapo ndipo onyo la awali kuhusu damu ya jamaa linapopata maana yake.

Watu baki: rejista za dunia

Utafutaji wa watu wasio jamaa hupitia rejista, yaani orodha za watu wenye afya waliojitolea kupimwa na kuhifadhiwa alama zao. Ya kwanza kubwa ilianzishwa London mwaka 1974 na Shirley Nolan kwa ajili ya mwanawe Anthony, na mpaka leo inaitwa Anthony Nolan. Ujerumani ina DKMS, iliyoanza mwaka 1991. Marekani ina NMDP. Afrika Kusini ina rejista ya Cape Town ya tangu 1991 pamoja na DKMS Africa. Na Nigeria ilianzisha yake mwaka 2012. Rejista hizo huunganishwa na chama cha dunia kiitwacho WMDA, chenye makao Leiden, Uholanzi, na kwa pamoja zina zaidi ya watu milioni 40.

Idadi hiyo isimdanganye mtu. NMDP yenyewe hueleza kwamba mgonjwa mzungu ana nafasi ya takriban asilimia 79 ya kumpata mtu anayefanana naye kikamilifu kwenye rejista yake, ilhali mgonjwa mweusi ana asilimia 29. Sababu ni mbili. Waafrika ndio wenye vinasaba vya aina nyingi zaidi duniani, hivyo watu wawili wa makabila jirani wanaweza kutofautiana kuliko Wazungu wawili wa nchi mbalimbali. Na Waafrika waliojiandikisha ni wachache. Daniel De-Gale, mtoto wa London aliyeugua lukemia mwaka 1993, hakuwa na mtu. Mama yake, Beverley De-Gale, na Orin Lewis walianzisha shirika la ACLT mwaka 1996, wakazunguka kuwaandikisha watu weusi. Mwaka 1999 Daniel alipandikizwa uloto wa mwanamke wa Marekani, akawa mtu mweusi wa kwanza Uingereza kupata uloto wa mtu baki. Aliishi hadi 2008. Miaka sita kati ya kuugua na kupandikizwa ni muda ambao wagonjwa wengi hawanao, nami huwakumbusha hilo wanaofikiri kwamba kampeni moja ya mtandaoni itamleta mtu wiki ijayo.

Familia haiwezi kutafuta yenyewe kwenye rejista. Hospitali ya upandikizaji ndiyo hutuma alama za mgonjwa na kupokea orodha ya watu wanaoelekea kufaa, bila majina. Kwa hiyo anayekupigia simu akidai kwamba ana mchangiaji tayari na anataka malipo ya awali ni tapeli. Rejista halali haziuzi uloto, hazimlipi anayechangia, na hazimtaji kwa mgonjwa kabla ya upandikizaji. Gharama ipo, lakini hulipwa kupitia hospitali kwa ajili ya vipimo, ukusanyaji na usafirishaji, na kwa mtu wa nchi ya nje hufikia makumi ya maelfu ya dola. Ulizeni mapema kama bima au rufaa ya serikali inaigusa. Seli zikishakusanywa husafirishwa zikiwa kwenye ubaridi na mjumbe maalumu, na hutakiwa zifike ndani ya siku mbili au tatu.

Jamaa walioko ng'ambo wana kazi yao. Mwenye miaka 16 hadi 30 aliyeko Uingereza anaweza kujiandikisha Anthony Nolan, aliyeko Marekani wa miaka 18 hadi 40 anaweza kujiandikisha NMDP, na aliyeko Ujerumani anaweza kwenda DKMS. Wajiandikishe wakijua kwamba huenda wakaitwa kumsaidia mtu wasiyemjua kabisa, kwa maana rejista haimwekei mtu mmoja akiba. Anayejiandikisha kwa ajili ya mgonjwa wetu tu, kisha akakataa anapoitwa kwa ajili ya mtoto wa Lagos au Kampala, anamvunja moyo mgonjwa mwingine kama sisi.

Damu ya kitovu cha mtoto mchanga nayo ina seli shina, na upandikizaji wake wa kwanza ulifanyika Paris mwaka 1988. Haidai ufanano mkamilifu, lakini seli zake ni chache kwa mtu mzima. Ikiwa mama wa mtoto mgonjwa ni mjamzito, amweleze daktari kabla ya kujifungua.

Kumwomba na kumtunza anayechangia

Mtu aombwe akiwa peke yake, si mbele ya kikao cha ukoo. Aelezwe na daktari asiye wa mgonjwa, ili aweze kuuliza na hata kukataa bila kuonekana adui. Aelezwe ukweli kwamba hakuna kukatwa mfupa wala kuguswa uti wa mgongo. Mara nyingi huchomwa sindano za filgrastimu, dawa inayozisukuma seli shina zitoke mifupani ziingie kwenye damu, kwa siku nne au tano, mifupa ikamuuma na kichwa kikamgonga, kisha huunganishwa na mashine inayochuja seli kutoka kwenye damu ya mkono kwa saa chache. Njia nyingine ni kuvuta uloto kwa sindano kutoka kwenye mfupa wa nyonga akiwa amelazwa usingizi, na atakuwa na maumivu ya mgongo kwa siku kadhaa. Uloto wake hujirudisha ndani ya wiki chache.

Ndugu mwenye vinasaba vya selimundu vya upande mmoja, yaani AS, anaweza kufaa, lakini lazima aseme, kwa kuwa kwa mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu sindano za filgrastimu ni hatari. Mtoto mdogo naye anaweza kumchangia ndugu yake, ila awepo mtu wa kumtetea ambaye hana maslahi katika uhai wa mgonjwa, hata kama wazazi ni walewale.

Haki ya kukataa ina mpaka mmoja ambao kila mchangiaji lazima auelewe kabla ya kutia saini. Mgonjwa akishaanza kupewa dawa za kuufuta uloto wake wa zamani, hana tena njia ya kurudi. Asipopata seli atakufa. Mwenye mashaka na aseme kabla ya siku hiyo.

Safari

Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa waliotumia seli zao wenyewe, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imewapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Mgonjwa wa lukemia bado mara nyingi atapewa rufaa ya nje, na anayechangia atasafiri naye. Shughulikieni pasipoti za watu wawili wa kuchangia, mkuu na wa akiba, hata kama mmoja hatasafiri mwishowe.

India hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka baadhi ya nchi zetu, na chanjo hiyo ina virusi hai. Mgonjwa wa lukemia asichanjwe. Apate barua ya daktari ya kumwondolea sharti hilo, na barua hiyo iwasilishwe ubalozini pamoja na maombi ya viza, kabla ya tiketi kukatwa. Mchangiaji ambaye hajawahi kuchanjwa achanjwe mapema, kwa kuwa baada ya chanjo ya virusi hai hutakiwa zipite wiki kadhaa kabla ya kutoa seli.

Kuanzia hapo mchangiaji atunzwe kama mgonjwa wa pili. Alale ndani ya chandarua, maana malaria ya wiki ya mwisho inaweza kuahirisha kila kitu. Asipande bodaboda, na mwanamke ahakikishe hana mimba. Siku ya kupandikiza yenyewe haina kishindo, kwa kuwa seli huingizwa kwa mrija mshipani kama chupa ya damu ya kawaida, lakini huchukua wiki mbili hadi nne kabla chembe nyeupe mpya hazijaonekana kwenye vipimo. Tiketi ya kurudi ya mchangiaji iwe ya baada ya hapo, kwa maana anaweza kuitwa kutoa seli mara ya pili.